Wimbo Uliolipa Deni

Mazungumzo ya redioni
Fungu la kusoma: Luka 10:30-37

Kama Biblia iko karibu, ifungueni katika Injili ya Luka, sura ya 10, mstari wa 30 mpaka wa 37. Ni habari ya Msamaria mwema. Wengi wetu tuliijua tangu shule ya Jumapili, na labda kwa kuwa twaijua sana, hatuisomi tena kwa makini. Leo twawaomba mtazame jambo moja lililo karibu na mwisho, yaani zile dinari mbili alizopewa mwenye nyumba ya wageni. Msamaria yule alimhurumia mtu njiani, akamfunga majeraha yake, akampandisha juu ya mnyama wake. Lakini hakuishia hapo. Alilipa gharama ya matibabu, akaahidi kulipa na itakayozidi.

Tunataka kuzungumza juu ya gharama hiyo, na juu ya nyimbo.

Kule Mitaboni, upande wa Kathiani katika Machakos, siku ya mchango kanisani huanza mapema. Kabla jua halijapanda, akina mama wamekwisha kuwasha moto nyuma ya kanisa, na sufuria ya muthokoi imeanza kuchemka. Vijana wanapanga viti chini ya miti. Kwaya za makanisa jirani zinafika, nyingine kwa matatu, nyingine kwa miguu, na sare zao zimekunjwa vizuri mifukoni zisishike vumbi. Mezani wameketi mwenyekiti wa kamati, katibu na mweka hazina, na mbele yao kuna daftari, kalamu na kikapu.

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya tamasha la namna hiyo kwa ajili ya mwalimu wetu wa kwaya, aliyehitaji kupasuliwa. Kwaya tano zilikuja. Kila kwaya iliimba nyimbo mbili, na aliyependa wimbo urudiwe alikuja mezani akatoa fedha, kwaya ikaitwa tena. Mama mmoja alitoa shilingi 200 ili mwenyekiti aimbe peke yake. Mzee mwingine, aliyemhurumia mwenyekiti, akatoa shilingi 300 ili anyamaze. Jogoo mmoja aliuzwa kwa mnada mara nne, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Waliokuwa mbali walituma fedha kwa simu, na majina yao yakasomwa. Jioni mweka hazina alisimama akatangaza kiasi kilichopatikana, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Ilikuwa siku njema. Hatutaki mtu yeyote afikiri kwamba twaijutia siku ile.

Jumatatu tulikwenda hospitalini kulipa. Tulipofika wodini kumpa mwalimu wetu habari, tulimkuta kijana katika kitanda cha pili. Alikuwa mpakiaji wa mchanga, mmoja wa wale wanaojaza malori kule mtoni kwa koleo. Mguu wake ulikuwa umevunjika, ukatibiwa, ukapona vya kutosha. Daktari alikuwa amemruhusu kwenda nyumbani siku 11 zilizopita. Lakini bado alikuwa pale, kwa kuwa bili haikuwa imelipwa, na bila karatasi ya malipo asingeweza kupita langoni.

Alitusikia tukisimulia habari za tamasha. Akauliza, "Wazee, mliimba ile Haleluya kubwa?"

Tukasema ndiyo, kwaya zote ziliungana zikaiimba mwishoni.

Akasema, "Mimi naijua sauti ya tatu."

Tulifurahi kusikia hivyo. Tukamwekea mikono, tukamwombea, tukaenda zetu.

Wapendwa, mmesikia tulivyosema. Tulimwombea, tukaenda zetu. Ilikuwa jioni, tuko ndani ya matatu ya kurudi, ndipo mama mmoja katika kundi letu aliposema kwa sauti ndogo, "Lakini yule kijana wa kitanda cha pili hatukumwuliza hata jina." Hakuna aliyemjibu. Jumapili iliyofuata mmoja wetu alipita kule wodini. Kitanda kile kilikuwa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua kumwambia yule kijana alitokaje wala alikwenda wapi.

Ndiyo maana leo twataka kuirudia historia. Tulidhani tunajua maana ya kuimba kwa ajili ya mgonjwa. Tulipoanza kuchunguza mambo ya zamani, yetu na ya watu wengine, tuliona kwamba tulijua nusu tu.

Tuanze nyumbani. Ukambani, wimbo na ugonjwa vimejuana tangu zamani. Kabla ya injili kufika, wazee wetu walikuwa na kilumi, ngoma kubwa ya akina mama, iliyopigwa ili kuomba mvua na kwa ajili ya watu waliosumbuliwa na pepo au maradhi. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake walifika Mombasa, wakapanda bara mpaka Nzaui, na huko Ukambani wakaanza kazi ya Africa Inland Mission. Yeye mwenyewe hakuishi hata miaka miwili katika nchi hii. Alifariki kwa homa mwezi wa Desemba 1896. Waliomfuata waliona mapema kwamba Neno haliwezi kwenda peke yake mahali penye homa, na mwaka 1915 kazi ya hospitali ikaanza Kijabe. Wamisionari waliwakataza waumini ngoma za kale, kilumi ikiwa mojawapo. Lakini watu waliozoea kumzunguka mgonjwa wakiimba hawakuacha kuimba. Waliichukua desturi hiyo wakaingia nayo kanisani, wakabadilisha wimbo.

Kulikuwa pia na mwethya. Mtu akiwa na kazi iliyomshinda, kama kulima shamba au kujenga nyumba, aliita majirani, nao wakaja na majembe yao. Yeye aliwapa chakula, na zamu yao ilipofika alikwenda kuwafanyia vivyo hivyo. Baada ya vita vikuu vya pili serikali ya kikoloni ililitumia jina hilo kuwalazimisha watu kuchimba matuta, na kazi ikachukiwa. Baada ya uhuru watu waliirudia kwa hiari yao, hasa akina mama. Mtu anayesafiri leo katika vilima vya Machakos anaona matuta yaliyopanda mlima kama ngazi, na mengi ni kazi ya mikono yao.

Kisha mwaka 1963 taifa zima likapewa neno moja, Harambee. Mzee Jomo Kenyatta alilitoa kwa wafanyakazi wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja, na likaandikwa katika ngao ya taifa. Kwa harambee watu walijenga shule, zahanati na makanisa, na kwa harambee wakaanza kulipia pia karo na bili za hospitali. Tamasha letu la Mitaboni ni mtoto wa hao wote. Uimbaji umetoka kanisani, kupeana zamu kumetoka katika mwethya, na meza ya mweka hazina imetoka katika harambee.

Ni urithi mzuri. Lakini tazameni vizuri, mtaona kitu kimoja kinachoviunganisha. Mwethya humjua mtu wake. Leo shamba langu, kesho lako. Mgeni asiye na shamba hana zamu. Harambee nayo humfuata mwenye marafiki. Aliye na ndugu wenye kazi mjini, au aliye mwalimu wa kwaya, kadi zake za mchango zitazunguka mbali. Mpakiaji wa mchanga aliyetoka kwao kutafuta kibarua, nani atamchapishia kadi?

Labda mtu atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni neno la kweli, na serikali zetu zimejaribu zaidi ya mara moja. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, ada za wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za serikali ziliondolewa. Mwaka 1966 Bima ya Taifa ya Hospitali, yaani NHIF, ikaanzishwa. Lakini Desemba 1989, wakati fedha za serikali zilipokuwa zimepungua, ada zilirudishwa kwa utaratibu ulioitwa kugawana gharama. Walio na umri mkubwa kati yetu wanakumbuka jinsi mgonjwa alivyoanza kuulizwa fedha kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Mwaka 2004 ada katika zahanati ilipunguzwa mpaka shilingi 10 na katika vituo vya afya shilingi 20, na mwaka 2013 ada hizo zikaondolewa. Desemba 2018 Machakos yetu ilikuwa moja ya kaunti nne zilizochaguliwa kwa majaribio ya matibabu bila malipo, pamoja na Kisumu, Nyeri na Isiolo. Majaribio yale yakaisha. Kisha tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikachukua nafasi yake. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupimwa kwa hali ya nyumba yake, naye halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Hatukuja kusifu wala kulaumu. Twataka mwone maana yake. Bima ni mwethya wa watu wasiojuana. Shilingi yangu inamtibu mtu wa Turkana nisiyemwona kamwe, na ya mvuvi wa Lamu inanitibu mimi. Kwa hiyo Mkristo asiione kama kodi ya bure. Hata hivyo, tangu 1965 mpaka leo, kila mlango uliofunguliwa umeacha watu wengine nje, na kila mwaka kikapu kimewekwa tena mezani Mitaboni.

Sasa twendeni mbali kidogo, kwa sababu ya lile swali la kijana wa kitanda cha pili. Aliuliza habari za Haleluya kubwa. Kwaya nyingi za Kenya huiimba, wakati wa Krismasi na wakati wa Pasaka, nyingine kwa kinanda na nyingine kwa sauti tupu. Wengi wetu tuliifundishwa kwa sol-fa, mstari kwa mstari. Lakini ni wangapi wanaojua iliimbwa mara ya kwanza kwa ajili gani?

Mwenye kuitunga aliitwa George Frideric Handel. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1685, akaishi miaka mingi London. Naye alijua ugonjwa. Mwaka 1737 alipatwa na maradhi ya kupooza yaliyouondolea nguvu mkono wake wa kulia, mkono wa mpiga kinanda. Alipona. Mwaka 1741, kati ya Agosti na Septemba, kwa muda wa siku 24 hivi, aliandika muziki mrefu juu ya Kristo, tangu unabii wa kuzaliwa kwake mpaka ufufuo, akauita Messiah, yaani Masihi. Haleluya ile ni sehemu mojawapo ya muziki huo.

Hakuupeleka kwanza London. Aliupeleka Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, nao ukaimbwa hadharani tarehe 13 Aprili 1742, saa sita mchana. Lilikuwa tamasha la mchango. Magazeti yalitangaza mapema kwamba fedha zitagawanywa sehemu tatu: kwa hospitali ya Mercer, kwa hospitali nyingine ya maskini iliyoanzishwa na madaktari wa upasuaji mwaka 1718, na kwa chama cha kuwasaidia wafungwa wa madeni. Siku hizo mtu aliyeshindwa kulipa deni alitiwa gerezani, akakaa humo mpaka deni lilipwe. Lakini aliye ndani hawezi kufanya kazi, na asiyefanya kazi atalipaje?

Kulikuwa na mambo ambayo kamati yoyote ya Mitaboni ingeyatambua. Nafasi ilikuwa ndogo. Wenye kutayarisha waliwaomba mabibi wasivae zile sketi zenye pete kubwa ndani, na mabwana wasije na panga zao kiunoni, ili watu wengi zaidi wapate mahali pa kuketi. Watu 700 hivi walienea katika jumba. Kulikuwa na mzee wa kanisa asiyependa mambo hayo pia. Jonathan Swift, mwandishi mashuhuri, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Mtakatifu Patrick, mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa amewakataza waimbaji wake wasishirikiane na wapiga fidla wa jumba lile. Mwishowe waimbaji wa kanisa lake waliimba pamoja na wa kanisa la pili la mji. Basi, msivunjike moyo mkiona mzee mmoja amekunja uso wakati wa mnada wa jogoo.

Zilipatikana pauni 400 hivi, nazo zikagawanywa kama ilivyotangazwa. Hospitali mbili zikapata fungu lao. Na kwa fungu la tatu, wafungwa 142 walilipiwa madeni yao, wakatoka gerezani.

Wapendwa, tulipoisoma hesabu hiyo tulinyamaza kwa muda. Miaka yote tumeuimba wimbo ule kwa furaha, na hatukujua kwamba siku ya kwanza ulipoimbwa ulifungua milango ya gereza. Majina ya waimbaji wakubwa wa siku ile yamehifadhiwa vitabuni. Hao 142 sisi twawajua kwa hesabu tu. Hawakutoka kwa kuwa ni wenye kwaya. Walitoka kwa sababu walikuwa na deni lisilowezekana, na chama kilikuwa kimewatafuta huko walikofungwa.

Mtasema, "Hayo ya kufunga watu kwa sababu ya madeni yalikuwa ya zamani, tena ya Ulaya." Sikilizeni basi. Mwaka 2010, hapa Kenya, akina mama wawili walizuiliwa hospitalini Nairobi baada ya kujifungua, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kulipa. Walikwenda mahakamani. Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba, na akaamuru walipwe fidia. Sheria ilisema wazi. Hata hivyo, habari za wagonjwa waliokwama wodini kwa sababu ya bili zimeendelea kusikika, pamoja na habari za maiti kuzuiliwa. Kwa hiyo yule kijana wa kitanda cha pili alikuwa mfungwa wa deni kama wale wa Dublin. Sisi tulisimama karibu naye, risiti ya mtu wetu ikiwa mkononi, na vinywa vyetu vingali na Haleluya.

Kuhani na Mlawi, katika habari tuliyoisoma, hawakuwa watu wabaya. Labda walikuwa wametoka kuimba.

Je, tuache matamasha? La, hasha. Aliye na kwaya na akaitumia kumwokoa mwenzake amefanya vema. Lakini Handel mwenyewe anatuonyesha hatua nyingine, nayo haijulikani sana kama ile Haleluya. Miaka michache kabla ya safari ya Dublin, kulikuwa London mpiga zumari mmoja kutoka bara Ulaya, jina lake Kytch. Alikuwa hodari sana, lakini alikufa maskini. Yasimuliwa kwamba wanamuziki wenzake waliwaona watoto wake wawili barabarani wakiswaga punda wa maziwa, wakaona haya. Wangeweza kufanya tamasha moja la kuwasaidia watoto wale, kisha wakaenda zao. Badala yake, mwaka 1738 walianzisha mfuko wa kudumu kwa wanamuziki wasiojiweza na jamaa zao, na kila mwanachama akatoa kidogo kidogo. Handel alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Aliufanyia mfuko huo matamasha, na alipofariki mwaka 1759 aliuachia pauni 1,000 katika wosia wake. Mfuko ule upo hata leo, baada ya zaidi ya miaka 280.

Oneni tofauti iliyopo. Tamasha hungoja habari mbaya. Mtu augue kwanza, alazwe, bili ipande, kamati iitwe, kadi zichapishwe, kwaya zialikwe. Pengine wiki nne zimepita, na mgonjwa yuko kitandani akihesabu siku kwa fedha. Mfuko hutangulia mbele ya ugonjwa ukamngojea mgonjwa mlangoni. Tena tamasha humtafuta mtu anayependwa. Mfuko waweza kumfikia hata asiyejulikana, mradi wenye kuutunza waende kumtafuta.

Mtume Paulo alilijua jambo hili. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 16, anaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kukusanywa yeye atakapofika. Fedha hizo zilikuwa za watakatifu wa Yerusalemu, ambao wengi wa Wakorintho hawakuwahi kuwaona. Na katika Waraka wa Pili, sura ya 8, anaeleza kwamba ametuma ndugu kadhaa wanaoaminika pamoja na Tito, ili mtu asipate neno la kuwalaumu kwa habari ya fedha zile. Paulo alitaka hesabu zionekane safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Twajua, nanyi mwajua, ni michango mingapi imekufa kwa sababu hesabu haikusomwa.

Basi tuliporudi Mitaboni tulizungumza. Hatukuwa na fedha nyingi, wala hatuna leo. Tulikubaliana mambo matatu, nasi twawaeleza si kwa kujisifu, maana tulichelewa kuyaanza.

La kwanza, kikapu cha wagonjwa kinapita kila Jumapili, hata kama hakuna mgonjwa anayejulikana. Wengine hutia shilingi 10. Wengine huleta mayai, yakauzwa baada ya ibada.

La pili, kila tunapofanya tamasha kwa ajili ya mtu wetu, fungu moja katika kila kumi ya kilichopatikana halimwendei huyo mtu. Linakwenda katika kikapu cha wasiojulikana. Tulidhani jamaa za wagonjwa watanung'unika. Wa kwanza kukubali alikuwa yule mwalimu wetu wa kwaya, aliyelala usiku mwingi karibu na kitanda cha pili. Alisema, "Mimi nilimsikia akiimba polepole usiku. Alikuwa anaijua kweli ile sauti ya tatu."

La tatu, akina mama wawili na mzee mmoja huenda wodini kila mwezi, nao wana swali moja la kuuliza: Ni nani aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na bado yuko hapa? Tena humwuliza kila mgonjwa kama amejiandikisha katika bima, na asiyejua njia huonyeshwa. Katika kazi hii tumejifunza kwamba mara nyingine mtu hahitaji fedha nyingi. Anahitaji mtu wa kusimama naye ofisini, kumwandikia barua, kumpigia simu chifu wa kwao. Na hesabu za kikapu husomwa kanisani kila mwisho wa mwezi, shilingi kwa shilingi.

Bado tunashindwa. Kuna miezi kikapu kinapotoka kitupu, na mzee wetu anarudi kutoka wodini na jina la mtu tusiyeweza kumsaidia. Hatujampata yule kijana wa mchanga. Kama anasikiliza redio mahali fulani leo, twamwomba atusamehe, na ajue ya kuwa nafasi ya sauti ya tatu iko.

Ndugu msikilizaji, dada msikilizaji, labda kanisa lenu linatayarisha tamasha mwezi huu. Liimbeni kwa moyo. Nunueni nyimbo, rudisheni jogoo auzwe mara ya tano. Lakini siku mtakapokwenda kulipa, msitoke wodini kabla hamjatazama kitanda cha pili. Ulizeni jina lake. Msamaria hakujua jina la yule mtu wa njiani, wala hatusomi kwamba walikuwa wa kijiji kimoja. Alijua tu kwamba kuna gharama, na kwamba yeye ana dinari mbili.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyelipa deni letu tulipokuwa hatuna kitu, tusamehe kwa mara zote tulizowaombea watu na kuwaacha pale pale. Wakumbuke wagonjwa waliolala leo wakiwa na hofu ya bili. Wape nguvu madaktari na wauguzi. Wape hekima wanaotawala mambo ya afya katika nchi yetu. Zifundishe kwaya zetu kuimba hata kwa ajili ya wasio na kwaya. Twaomba kwa jina lako. Amina.

Mungu awabariki nyote.